Aliyemtaja Gundi

Asubuhi hiyo benchi la mbele ya kibanda cha Gundi lilijaa kabla jua halijakolea. Gundi ni fundi viatu, ila zamani alikuwa dereva wa genge la kuvunja maghala, na wala hafichi: alifungwa miaka tisa, akatoka, akashika sindano. Polisi walimfuata kitandani, yeye peke yake, siku moja kabla ya kazi kubwa. Kuna mtu alimtaja. Nani? Hilo ndilo lililochemka kijiweni pamoja na kahawa ya Birika, rafiki yake wa tangu utotoni, ambaye enzi hizo alikuwa akiwachunguzia maghala.

— Mke wa bosi wa genge! — alisema Redio, kinyozi asiyejua kunyamaza. — Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kimeingiaje hapo?

— Si alikuwa anawachoma kwa polisi kidogo kidogo!

— Acha zako, — alidakia Mwalimu, mstaafu. — Ni bosi mwenyewe. Nani anamtaka dereva wa wezi anayesimama kwenye taa nyekundu?

Benchi zima likaangua kicheko. Gundi naye akacheka, uzi mdomoni. Ni kweli, alikuwa akisimama.

— Basi ni mbwa wa jirani, — Redio akapandisha dau. — Yule alikuwa mbwa wa polisi, kavaa kiraia!

— Mbwa?

— Penye nia pana njia!

Birika pekee hakucheka. Gundi alimwona akimimina kahawa hadi kikombe kikafurika, ikamwagikia vidole.

Muuguzi mmoja, mgeni mtaani, alikuwa amesimama akisubiri viatu vyake vya kazini.

— Samahanini, — akauliza. — Hao wenzake wako wapi siku hizi?

Walikwenda kwenye ile kazi na dereva mwingine, walinzi wakawapokea kwa risasi, hakurudi hata mmoja. Kila mtu benchini alilijua hilo, ila hakuna aliyewahi kuliweka kando ya lile la kukamatwa.

Birika akaweka birika chini.

— Ni mimi, — akasema. — Niliona walinzi wameongezwa, wana bunduki. Bosi nikamwambia, akanicheka. Wewe nikakwambia, ukasema dereva hawaachi wenzake. Nikaenda kituoni na jina lako.



Gundi akatoa uzi kinywani. Alikuwa amejua tangu mwaka wa pili gerezani, siku Birika alipokuja kumtazama akashindwa kuinua macho. Alimchukia mwaka mzima. Kisha chuki ikamchosha, kwa sababu katika watu wote duniani ni huyo mmoja tu aliyekuwa akija, kila mwezi, na sabuni yake na soksi zake.

— Najua, ndugu yangu.

— Unajua? Na ukanyamaza miaka yote?

— Ningekuwahi kusema, usingepata nafasi ya kukiri. Nilitaka useme mwenyewe.

— Wale wengine niliogopa kuwataja, — Birika akasema, macho yamemjaa. — Ningewataja, wangekuwa hai.

— Mzigo huo siwezi kukutua. Wangu utue. Mimi nipo, nashona viatu, nina wajukuu.

Akamkabidhi muuguzi viatu vyake, akasogea, akalipiga benchi kwa kiganja. Birika, ambaye siku zote humimina kasimama, akaketi. Mabega yao yakagusana. Redio akakitazama kikombe chake kikavu, akawatazama wale wawili, kisha akainuka mwenyewe kuwamiminia.