Kifurushi cha Nyuma ya Mlango

Msinione nimenuna. Gogo letu la njia panda ya Kharumwa, hapa mbele ya jiko la kahawa la Salehe, leo halikaliki. Jana mgodini wameandika vibarua, na wa kwetu hakuandikwa hata mmoja. Sisi wazee tunaona aibu tu, lakini Maige, ambaye mkewe Mbuke ni mja mzito, hata kahawa yake hajaigusa. Lori la kuchukua manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge ya mbali, linaondoka leo adhuhuri. Asipopata kazi hapa, itabidi apande, na waliopanda mwaka juzi hatujawaona tena. Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Gazeti, tunayemwita hivyo kwa sababu habari zote anazo, hata zisizotokea.

Gazeti: Serikali imemwambia mwenye mgodi, kila mwenyeji utakayemwandika, tunakupunguzia ushuru wa dhahabu. Nimesikia kwa masikio yangu, barazani kwa Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya.

Maige: Basi mimi wamenirudisha kwa nini? Kitovu changu kimezikwa nyuma ya zizi la baba!

Akajibu Hakimu, aliyefagia baraza la mtemi miezi miwili na tangu hapo anahukumu kila kitu.

Hakimu: Mzungu wa mgodi anaogopa mwenyeji atajua dhahabu ilipo. Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Salehe: Hiyo inaingiaje hapo?

Hakimu: Inaingia. Wewe mimina kahawa.

Gazeti: Siyo hivyo, bwana! Wenyeji wanatakiwa kwa ajili ya kufa. Shimo likimfukia mgeni, kampuni ihangaike na maiti. Likimfukia mwenyeji, ndugu zake wanakuja na majembe yao wenyewe.

Hakimu: Tena wanataka mizimu! Mwenyeji akishuka shimoni, babu zake wanashuka naye kusukuma mawe. Unaandika mmoja, unapata kumi!

Maige: Mbona hawakunichukua, mimi na mizimu yangu yote?

Hapo uvumilivu ukanishinda.

— Maige, karani wa mgodi alifungua nini?

— Kitabu cha kodi, mzee. Akasema mwenyeji ni aliyeandikwa humo. Jina langu halimo.

— Litakuwamo vipi?

Kila mmoja pale gogoni alijua. Miaka yote, karani wa kodi akionekana kule bondeni na matarishi wake, sisi huchukua kifurushi kilichotundikwa nyuma ya mlango, kimejaa majani makavu, tunakaa nacho kando ya njia ili tusiandikwe kodi. "Mimi mpita njia, bwana. Kwetu Kahama." Mwingine kwao Tabora. Kila nyumba ilikuwa na kifurushi chake. Maige hakukibuni yeye, masikini. Nilimfundisha mimi, na tulicheka sana siku ile.

Gazeti: Tukamwambie Bwana Shauri ukweli.

Hakimu: Utamwambia ulidanganya miaka mingapi? Utalala ndani, mzee!

Tukiwa hapo akaja mwanamume mrefu, hatumjui, amevaa fulana mpya ya mgodini.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba. Nani mwenzetu?

— Maulidi. Nilikuwa napita tu mwaka jana, natoka Ujiji, karani wa kodi akanikamata hapo bondeni. Nikamwambia mimi mpita njia, Wallahi. Akacheka, akasema hapa wote wapita njia, akaniandika mwenyeji kwa nguvu. Nikalipa huku nalia. Kumbe ni heri! Jana nimeitwa wa kwanza.

Hakimu akakohoa. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akajutia methali yake.

Salehe akampa mgeni kikombe. Maulidi akapuliza, akatutazama mmoja mmoja kwa upole, kama mtu anayetaka kuwajua majirani zake.

— Na nyie ndugu zangu, kwenu wapi?

Gazeti akatazama chini. Hakimu akajifanya anatafuta tumbaku.

Ikawa adhuhuri, na kule madukani lori la mkonge likapiga honi. Maige akainuka, akaenda kwake. Alipotoka, kifurushi kilikuwa begani. Mbuke alikuwa amesimama mlangoni, na miguuni pake kulikuwa na rundo la majani makavu yaliyomwagwa.