Chomoa Friji Kwanza: Risala ya Maabara ya Chini

Mgeni rasmi, Dkt. Lorraine Hnatiuk, Naibu Mkuu wa Chuo. Profesa Edna Wiebe, msimamizi wetu. Na nyote mlioacha magari nje yamechomekwa umeme, injini zisigande kwa baridi: habari za asubuhi.

KARIBU HUKU CHINI

Sisi wanafunzi wa sayansi ya ubongo na neva, pamoja na mafundi wa Maabara ya Chini, tunakukaribisha. Kahawa ipo, donati zipo. Keki iliyoletwa na ofisi yako nayo ipo, ila hatujaikata, sababu tutaieleza. Ni mara yako ya kwanza kuteremka ngazi hizi tangu uteuliwe, na tumefurahi. Tumefurahi kwa jicho moja, lingine liko kazini. Usituchukie, ndivyo tulivyofundishwa humu.

TULIVYOLELEWA

Profesa Wiebe anamsimamia mwanafunzi kwa kukaa naye. Hasimami mlangoni akauliza kama yote ni sawa. Anavuta kiti. Kila anayeanza hupewa mguu wa mende, sindano mbili nyembamba za kuuchoma, na spika inayogeuza umeme wa neva kuwa sauti, asikilize. Na karibu kila anayeanza hukosea palepale: anasikia mngurumo mzuri, umenyooka, anashangilia, kumbe ni umeme wa friji ya pale kona. Aliyenaswa hununua donati. Ndiyo sheria yetu, na duka la donati la mtaa huu linatupenda sana.

Mwangalie Shayla Moosomin, huyo mwenye sweta jekundu. Alikuja kutoka kaskazini kusomea ubongo kwa sababu shangazi aliyemlea, Verna, ana kifafa. Siku ya kwanza aliposikia mngurumo, hakumuuliza mtu. Alimpigia shangazi, akaiweka simu mbele ya spika. Shangazi akaita majirani waje wasikilize. Ndipo Profesa akavuta kiti.

"Shayla, umechomoa friji?"

"Profesa, hii si friji. Huyu ni mende anaongea."

"Basi tuichomoe, mwanangu, yeye aendelee kuongea."

Ikachomolewa. Kimya. Kwenye simu shangazi akawa anauliza mdudu amepatwa na nini, na majirani nao wakauliza. Shayla akachukua koti lake akatoka. Wiki nzima hakuonekana, na tukasikia anaulizia namna ya kuhama kozi.

Profesa alimfuata bwaloni, akaketi, akala nusu ya donati ya Shayla bila kuombwa. Akamwambia kesho yeye atazima vitu, Shayla asikilize. Wakakaa mchana huo, na uliofuata. Shayla akagusa vinyweleo vya mguu wa mende kwa kijiti cha meno, spika ikatoa sauti kama bisi zinapasuka, ovyoovyo. Akiacha, inapungua. Akigusa, inarudi. Friji haina adabu hiyo. Inanguruma tu, uguse usiguse. Akampigia shangazi tena.

"Hii ya leo mbaya kuliko ya juzi," shangazi akasema.

"Ndiyo yenyewe, Shangazi."

TULIYOVUNA

Shayla hakuhama. Sasa anawaelekeza wa mwaka wa pili, na yeye pia anavuta kiti. Wenzetu waliopita humu wako hospitalini wanasoma mawimbi ya ubongo wa wagonjwa, na tunaambiwa wanasumbua sana, kila mashine wanaishuku. Hiyo kwetu ni sifa.

YANAYOTUTIA SHAKA

Mgeni rasmi, ofisi yako imetuambia unakuja kutupongeza. Maneno yenyewe ni matamu, yamenyooka, hayana pa kujikwaa. Tumeyasikiliza sana, tukatazamana.

Maana wiki iliyopita walikuja mabwana wawili wakapima meza zetu, wakauliza bomba la maji linafungiwa wapi. Tulipowauliza wanapima nini, mmoja akasema meza, mwenzake akasema hawapimi chochote. Ratiba ya muhula ujao, Jumanne yetu ya maabara ni nyeupe, haina kipindi. Kuna mtu wako amemuuliza Profesa kama anapenda saa ya ukutani, zawadi ile wanayopewa wastaafu. Tena tumesikia kuna mende wa kompyuta, wa kwenye skrini, ambaye hakosei na hahitaji mtu wa kukaa naye.

Halafu keki. Imeandikwa kwa sukari ya bluu, "Asante kwa yote." Sisi, Mgeni rasmi, hatujawahi kumwambia hivyo mtu anayebaki.

TUNAYOOMBA

Skrini zije, hatuzichukii, ila zikae kando ya meza zetu, zisikae mahali pa meza hizo. Profesa Wiebe aachwe aendelee kusimamia. Akichoka atasema mwenyewe, na mdomo anao. Hasa wale kumi wa mwaka huu, ambao bado hawajajua friji ni ipi na neva ni ipi, wasije wakaachwa hapo.

Lakini ombi kubwa ni dogo. Tuambie wazi, leo, mbele ya Profesa, maabara hii inafungwa au haifungwi. Pongezi tutazisikia baadaye. Jibu likiwa baya tutalipokea; sisi sauti ya kweli tunaijua kwa ubaya wake.

Mungu akujalie ulimi mwepesi, akurudishe salama juu ya barafu ya njiani, na gari lako liwake mara moja.

Kisu cha keki kiko mezani. Kiti tumeshakuvutia.

Ni sisi,
Wanafunzi na Mafundi wa Maabara ya Chini