Haisinti ya Mwisho ya Bibi Yetu

Ndugu waombolezaji, marehemu bibi yetu alizaliwa tarehe 11 Mei 1946, mtoto wa tatu wa fundi saa, akasoma hadi darasa la nane na kufaulu, tofauti na mjukuu huyu anayewasomea, aliyeikimbia shule kidato cha pili, ambaye bibi mwenyewe alimbandika jina la Profesa, ingawa kwa sauti hii mtakubali kwamba familia haikukosea kumchagua awe msomaji.

Tarehe 2 Machi 1965 aliajiriwa kwenye kiwanda cha kufua nguo za hoteli, akapiga pasi miaka thelathini na mmoja, na mwaka 1969 akaolewa na dereva wa gari la kiwanda, marehemu babu yetu, wakajaliwa watoto wanne, wawili wametangulia.

Alipostaafu alizama kwenye haisinti, yale maua yanayoota kwenye kitunguu chake kisicholiwa na kujaza nyumba harufu, mengine uani, mengine vyunguni ndani, akivishika vitunguu kwa glavu kwa kuwa vinawasha, na Profesa, aliyejidai mikono yake ni ya chuma, alijikuna siku mbili huku bibi akimuuliza tangu lini chuma kikawashwa.

Septemba mwaka jana madaktari waliona uvimbe kwenye ini, wakasema huenda asiumalize mwaka, naye tarehe 4 Novemba akapanda kitunguu kimoja tu chunguni, akakiweka kwenye friji kuukuu, akaagiza kikae baridini gizani wiki kumi na mbili, kwani bila baridi hiyo shina la ua halirefuki, ndipo kitolewe dirishani, maana alitaka kulinusa ua hilo kabla hajaondoka.

Tarehe 9 Desemba, bibi akiwa amelazwa, Profesa, mjuzi wa kila kitu, alikitoa kitunguu frijini, akihofia siku hazitatosha, na ua likakwama kati ya majani, fupi, likaoza kabla ya kufunguka, na bibi aliporudi alilitazama, akasema tu kwamba kumbe mume wake huyu mdogo hakuamini kuwa angefika.

Alifika, akauona mwaka mpya, akaimaliza Januari na karibu Februari yote, muda ambao ua lingechanua na kunukia, akafariki tarehe 27 Februari saa nne asubuhi, dirishani kukiwa na chungu cha udongo mtupu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopokezana kumgeuza kitandani, na wenzake wa kiwandani waliokuja wote.

Bibi, Profesa wako leo hana la kujisifia, anaomba umsamehe, nawe upumzike kwa amani.