Bahari ya Elie

Ndani ya gari la abiria, probox iliyotoka Lodwar, Nyagoa alijifanya amelala ili asikie vizuri. Kando yake Elie, kinyozi wa Kakuma, alikuwa amepakata tangi la kioo na mfuko wa chumvi.

"Ziwa liko kwetu, na wewe unajenga bahari nyumbani?" aliuliza mama muuza samaki wa Kalokol. "Ndiyo, mama. Maji yatulie mwezi mzima, ndipo nitie matumbawe na samaki." "Halafu uwakaange?" "Hapana! Ni wa kutazama." Mama alicheka mpaka machozi. "Na maji yote hayo atachota nani?" Elie alishusha sauti. "Mke wangu. Sijamwambia bado."

Gari likasimama Kakuma. Mélanie, mkewe, alikuwa akipita na jerikeni mbili za maji. Aliliona tangi, akazitua chini polepole. Nyagoa, aliyepaswa kushuka kwanza, aliona hana haraka.