Hatua Kumi na Moja za Mama Fagio

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye kazini walimwita Mama Fagio. Alifagia chumba chenye mtambo wa kupima mitetemo ya ardhi. Amefariki akiwa mwanafunzi wa uzamili, akifanya utafiti wake katika chumba hichohicho.

Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi. Kila asubuhi, saa moja kamili, kalamu ya mtambo ilichora alama kubwa, ndogo, kubwa, ndogo. Wataalamu waliumiza vichwa miezi mitatu, wakidhani kuna kitu huko chini. Siku moja mfagiaji akaitazama karatasi, akacheka mpaka machozi.

"Jamani, huyo ni mimi naingia kazini."

Profesa aliyesimamia mtambo huo aliona haya, lakini hakununa. Alimtafutia masomo ya jioni. Mama akapanda ngazi mojamoja, na akiwa na miaka hamsini na mmoja akaanza uzamili wa sayansi ya ardhi. Utafiti wake ulikuwa kutenganisha hatua za watu na mtetemo wa ardhi yenyewe. Ili ukamilike, alitakiwa atembee mwenyewe asubuhi thelathini, kutoka mlangoni hadi mezani kwake. Hatua kumi na moja. Asubuhi thelathini, wasikilizaji, si pungufu.

Alitembea ishirini na tisa. Ya thelathini hakuamka. Binti yake alimkuta kitandani, viatu vya kazini vimepangwa chini, tayari.

Alizikwa Jumamosi. Chumba kilikuwa kimefungwa, na ufunguo pekee ulikuwa kwenye mkoba wake, nyumbani. Jumatatu, saa tatu asubuhi, binti akaja kumfungulia profesa. Wakaikuta karatasi imechorwa. Saa moja kamili, asubuhi hiyohiyo ya Jumatatu. Kubwa, ndogo, kubwa, ndogo. Hatua kumi na moja za kuingia. Za kutoka hazikuwepo.

Mimi si mtu wa kuamini mambo haya. Lakini karatasi hiyo nimeishika, na alama zake nimezihesabu mwenyewe.

Profesa alimuuliza binti kama aihesabu au aitupe. Binti akamrudishia karatasi mkononi.

"Ihesabu, profesa. Mama hakuwahi kuacha kazi nusu."

Ikahesabiwa. Thelathini kwa thelathini. Shahada ya uzamili akaipokea binti kwa niaba ya mama yake.

Tunampa pole binti huyo, wajukuu, na wenzake wote wa kazini. Nawe msikilizaji, jiulize: ni nani nyumbani kwako unayemjua kwa hatua zake tu? Kesho akiingia, msalimie.

Na kiti cha Mama Fagio bado kiko pale mezani. Hakuna anayekikalia.