Bi Batuli wa Shela na Friji Aliyoiogopa

Wasikilizaji wapendwa, asalaam aleikum, na hamjambo nyote mlioko Malindi, Kilifi na kule juu Marafa. Leo tunamkumbuka Bi Batuli Badawi wa mtaa wa Shela, Malindi. Alifariki Jumanne iliyopita kwa maradhi ya moyo, akiwa na miaka arobaini na sita. Wengi wenu mlimjua kwa pasi na feni alizowatengenezea. Mlimjua kama mwanamke asiyeogopa umeme. Haikuwa hivyo. Bi Batuli aliuogopa umeme kuliko sisi sote.

Mwaka wa 1981 mumewe, Abdulhalim, alikuwa akitengeneza feni sebuleni. Stima ilikuwa imepotea mtaa mzima tangu asubuhi, kwa hivyo hakuona haja ya kuchomoa plagi. Batuli alikuwa jikoni akikuna nazi. Mara akasikia redio ya jirani imeanza kuimba. Akajua stima imerudi. Akamwita mumewe amwambie. Hakujibiwa.

Abdulhalim alikufa pale pale, bisibisi mkononi. Tangu siku ile Batuli hakugusa swichi. Taa iliwashwa na binti yake, Jaha. Feni ile aliitia guniani, akaisukuma uvunguni mwa kitanda.

Kisha Jaha, akiwa na miaka kumi na mitatu, akapatikana na ugonjwa wa sukari. Daktari alieleza kwamba dawa yake ya sindano haistahimili joto. Ikipata joto inaharibika, na bila dawa mtoto hana siku nyingi. Dawa yenyewe ilitoka Mombasa kila baada ya miezi miwili. Kaka yake Batuli akawapa friji kuukuu. Batuli aliishukuru friji ile, na kila akipita karibu yake alijibana ukutani asiiguse.

Sasa sikilizeni. Ilikuwa Machi, 1984. Mnalijua joto la Machi hapa kwetu. Asubuhi Jaha alifungua friji akakuta maji yametapakaa, ndani vuguvugu. Dawa ya miezi miwili ilikuwa imefika juzi yake tu. Batuli alizitia chupa kwenye mfuko wa nailoni, akauning'iniza ndani ya mtungi wa maji, akaita fundi. Fundi aliweka sikio mgongoni mwa friji, akatikisa kichwa. Alisema mota imekufa, friji itupwe, inunuliwe nyingine. Nyingine Batuli hakuiweza. Na kufikia adhuhuri, maji ya mtungini yalikuwa yameanza kupata moto.

Lililomkereketa ni kwamba fundi yule hakufungua hata skrubu moja. Abdulhalim hakuwahi kutupa kitu bila kukifungua. Miaka kumi na miwili Batuli alikaa kando yake akimpa vyombo vya kazi, akiona kila kilichomo ndani. Basi baada ya sala alikichukua kisanduku cha marehemu. Akamtoa Jaha nje, akafunga mlango kwa komeo. Jaha anayakumbuka maneno ya mamake neno kwa neno. Aliyasemea dirishani.

"Mwanangu, nikinyamaza usije. Usiniguse hata kwa kidole. Piga kelele waje watu."

Akajizungushia leso mkononi, akaivuta plagi amefumba macho. Ilipotoka aliiweka mapajani aione. Bado hakuamini. Mara mbili alinyoosha mkono nyuma ya friji, mara mbili akaurudisha. Jasho lilimtiririka mpaka shingoni. Mara ya tatu akaanza kufungua. Karibu na mota palikuwa na kiota cha panya, na waya mmoja umetafunwa hadi umekatika. Mota haikufa, wasikilizaji. Waya tu.

Nyumbani hapakuwa na waya mwingine ila wa feni. Ile feni. Batuli alilivuta gunia kutoka uvunguni, akaukata waya wake, akaunganisha, akafunga kwa utepe. Kisha akavaa ndara za mpira, akasimama juu ya kibao, na plagi mkononi. Jaha anasema alisikia meno ya mamake yakigongana.

Plagi ikaingia. Kimya. Halafu friji ikanguruma, na Batuli akaanguka chini, akidhani amekwisha. Jaha alifungua kinywa apige kelele. Mamake akamwinulia kiganja: nyamaza, nipo. Kufikia alasiri zile chupa zilikuwa kwenye baridi.

Habari ikaenea kwamba Bi Batuli ametengeneza friji. Jirani yake, Bi Kabibi, akawa wa kwanza kuleta pasi. Jaha alimsihi mamake akatae. Mamake akamwambia, "Nikikataa ataifungua mwenyewe, na plagi iko ukutani." Basi akazipokea pasi na feni za watu, miaka mitano. Na kila mwanamke aliyekuja alifundishwa kuchomoa plagi kwanza, hata kama stima haipo.

Juzi matangani, Jaha alipoyasimulia haya, Bi Kabibi aliinamisha kichwa. Alituambia hivi: "Nimempelekea pasi mara nne. Kila mara ananiambia niiache, nirudi kesho. Mimi nikidhani ana kazi nyingi. Kumbe hakutaka nimwone akitetemeka."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Jaha, ambaye sasa ana miaka kumi na minane na ni mzima. Tunampa pole mjomba wake na jamaa wote wa Shela. Mola amrehemu Bi Batuli na amlaze pema.

Nasi tuliobaki, tutafakari. Kitu kikikataa kufanya kazi nyumbani, tukichunguze kabla ya kukitupa, kwa uangalifu aliotufundisha. Lakini kuna jambo kubwa zaidi. Yuko mtu ambaye kila siku tunambebea mizigo yetu mlangoni, kwa sababu tumeamua kwamba yeye haogopi. Leo mwende kwake mikono mitupu. Mumuulize hali yake, na mkae mpaka ajibu.