Shangazi Mkasi na Karatasi ya Kuharibu

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, mshonaji wa hospitali yetu, ambaye sote tunamwita Shangazi Mkasi, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 ya mwezi wa sita. Hakuna shuka, pazia wala gauni la mgonjwa katika majengo haya ambalo halijapita chini ya sindano yake.

Alianza kama mshonaji msaidizi, katika chumba kile kile chenye dirisha linaloelekea ua wa nyuma, na hakuwahi kuomba kingine. Ukali wake unajulikana. Daktari wa upasuaji aliyechukua mkasi wa nguo akakatia karatasi alitolewa nje mbele ya wauguzi wake, na mpaka leo akipita mlangoni pale hukohoa kwanza.

Karatasi ina mkasi wake, mdogo, wenye mpini uliozungushiwa uzi mwekundu. Ndio alioutumia kutengenezea kadi za kuaga. Kila aliyestaafu hapa aliondoka na kadi ya mkono wake, iliyokatwa, ikabandikwa na kushonwa pembeni, yenye kitu cha kazi ya mwenyewe. Dada wa wodi ya watoto alipewa kitanda kidogo chenye blanketi la kufunua. Kwa wengi ni pambo la kabatini. Lakini tupo baadhi yetu tuliofika hapa kutoka mbali, na nguo za mwilini na vyeti vilivyolowa. Kwetu sisi, kadi ile ni kitu kilichotengenezwa na mtu aliyetutazama vizuri, na hatuna vingi vya namna hiyo.

Kwa hiyo haitakuwa haki kumsifu bila kusimulia mwaka ambao kadi zilikaribia kufa.

Sababu ilikuwa sifa. Mganga mkuu wa wakati ule aliipenda mno kadi ya muuguzi mmoja, akaomba nakala yake, akaitia kwenye fremu ya kioo na kuitundika ukumbini. Wageni wakaisifu. Tangu siku hiyo Shangazi akawa haipiti bila kuinamisha uso. Akaacha kutengeneza kadi kwenye meza ya kantini, mahali alipozoea, akawa anajifungia chumbani. Kila alichochora alikiona kibaya kuliko kile cha kwenye kioo. Kikapu chake kilijaa karatasi zilizokunjwa.

Na aliyekuwa akistaafu siku zile, siku ya Ijumaa, ni Mzee Mvuke, fundi wa boila, ule mtambo wa kuchemshia maji ya hospitali. Alikuwa mjane, hakuwa na ndugu hata mmoja katika mji huu, na alikuwa amekwisha kumwambia kila mtu kwamba ukuta juu ya kitanda chake ameuachia nafasi ya kadi. Kadi haiulizwi, ni mwiko wetu. Mzee hakuuliza. Alileta tu suruali ipunguzwe, kesho yake akaileta tena, eti bado ndefu. Shangazi alimkwepa nyuma ya marundo ya shuka. Hakuwa akila. Alimwambia mpishi kwamba afadhali yeye mwenyewe aondoke kazini kabla ya Ijumaa kuliko kumtazama mzee akitoka mikono mitupu.

Siku moja kabla ya sherehe, Mzee Mvuke alitokea na spana na kutangaza kwamba bomba la chumba cha ushonaji linavuja, watu watoke. Hakuna aliyeona maji. Shangazi akabeba karatasi zake kifuani hadi kantini, nafasi pekee iliyobaki, na sote tukaona kwamba zilikuwa tupu.

Aliyesogea kwanza ni dereva wa gari la wagonjwa, mtu asiyejua haya. Alivuta karatasi moja, akachora boila kwa kalamu ya wino, akaiinua. Mpishi akamuuliza, "We dereva, hiyo ni boila au mbuzi aliyekosa majani?" Meza ikalipuka. Shangazi hakucheka. Alitazama mchoro ule kama mtu anayeona mshono uliopinda, akanyang'anya karatasi, akauchomoa ule mkasi mdogo. Akakata masikio. Miguu akaigeuza mabomba. Mtu akamwaga chai, na doa likawa wingu la mvuke. Alipoinua kichwa, kadi ilikuwepo, mstari wa dereva ukionekana bado chini ya boila.

Mzee Mvuke aliipokea kesho yake, akauliza kama mbuzi naye anastaafu. Kuhusu bomba, hakuwahi kueleza.

Shangazi alikwenda kwa mganga mkuu akaomba kadi ya ukumbini ishushwe. Fremu ile sasa ina saa za kutazama wagonjwa. Tangu hapo, kila kadi huanza kwa karatasi ya kuharibu: anampa yeyote aliye karibu mezani, achore ovyo, naye anaanzia kwenye kosa hilo.

Wiki hizi tumemwona akipita kantini akichungulia meza, kisha akijifanya anatafuta chumvi. Shangazi, na sisi hatukulala vizuri. Nani angethubutu kukukatia karatasi? Tulikaa tukitazamana mpaka tukakumbuka, tukampa dereva kalamu.

Kadi yako ipo. Ina mkasi unaofanana na mbuzi yule yule, na safari hii hatukumrekebisha, kwa kuwa hatuna mkono wako. Tumeacha masikio uyakate mwenyewe. Asante kwa kututazama vizuri miaka yote hii. Tunakuombea afya, na popote utakapokaa, meza yenye kelele.